Kopo la Senene Lililokwenda Lebanoni

Gozbert alikuwa kusini mwa Lebanoni akilinda amani ya watu, lakini amani ya mama yake aliiacha Mtoni vipande vipande. Miaka thelathini na minne, sajini wa jeshi, meno yote anayo, mshahara wake haunywi pombe, na hana mke. Bi Avelina alilikumbuka jambo hilo kila asubuhi kabla hajawafungulia kuku.

Na si kwamba mke hakuwepo. Mke alikuwepo, tena anaonekana kwa macho. Tatizo lilikuwa mdomo wa Gozbert.

Mambo yalianza mwaka uliopita, pale Bi Avelina alipovunjika kifundo cha mguu kwa raha zake mwenyewe, akicheza kwenye harusi ya mtoto wa mpwa wake kule Mwananyamala. Alikuwa na miaka sitini na saba na viatu vya kuazima. Wakamkimbiza hospitali ya palepale jirani, akalazwa siku sita, na siku zote sita Gozbert alivuka jiji zima na chupa ya chai ya maziwa. Siku ya kwanza mama mtu alidhani mwanawe amechanganyikiwa kwa huruma, maana tangu azaliwe anajua kwamba maziwa na tumbo la mama yake hawasalimiani. Siku ya pili akaona chai inakoelekea. Ilikuwa inanywewa na nesi.

Nesi mwenyewe ni Gladness, Mpare wa Same, mwenye sauti ya chini, lakini akimwambia mgonjwa "geuka," hata wa kitanda cha jirani anageuka. Gozbert alikuwa akimmiminia kikombe, anakaa, anatazama dari. Siku ya sita ndipo alipojikaza kiume. Alimwambia, "Karibu tena." Mwezi uliofuata akapanda ndege kwenda Lebanoni.

"Mwanangu," Bi Avelina alimwambia kwenye simu, "huko jeshini si mlifundishwa kusonga mbele?"

"Mama, mambo hayo hayana haraka."

"Hayana haraka kwako. Wenzio wana gari."

Mwenye gari aliitwa Wilbert, karani wa kiwanda kimoja cha Mikocheni. Habari zake alizileta Gladness mwenyewe, kwa sababu binti huyo alijizoesha kuja Mtoni kila Jumapili ya pili kuukagua mguu wa mgonjwa wake. Mguu ulikuwa umepona tangu Pasaka. Bi Avelina alichechemea siku za Jumapili tu.

Basi Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba, Gladness akiwa ameukalia mkeka na mguu wa bibi mapajani, akasema bila kuinua macho, "Mama, kuna mtu anataka kuja nyumbani na wazee wake. Anataka jibu kabla ya Krismasi."

"Nawe unamtaka?"

"Ni mtu mzuri."

"Panadol nayo ni nzuri."

Gladness akacheka, kisha akawa anakiminya kifundo kile kizima kama anakitafutia ugonjwa. "Mama," akasema, "mtu mwingine akikaa kimya mwaka mzima, si ndiyo jibu lenyewe hilo?"

Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, mguu wa Bi Avelina ukauma kweli.

Usiku huo hakulala vizuri, si kwa mbu. Afanye nini? Kumwambia Gozbert aseme, ameshamwambia mpaka vocha zimechoka. Kumsemea? Hapana. Mama akimtongozea mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwanamke anaolewa na mama mtu. Alitaka kitu ambacho kikimfika Gozbert, hata kama ulimi wake umekufa ganzi, mikono yake ilazimike kujibu.

Kulipokucha, ndugu yake akapiga simu kutoka Bukoba kusema senene wameanza kuanguka. Bi Avelina akakaa kitandani wima kama askari.

Sasa, asiyewajua senene aelewe hivi. Ni panzi wa kijani, wanashuka na mvua, na Mhaya akiwakosa msimu mmoja anajiona kama hakuishi mwaka ule. Na zamani kule kwao walikuwa na sheria yao. Mwanamke anakamata senene, ananyonyoa, anakaanga, lakini yeye haonji. Anampelekea mwanamume wake. Na mwanamume akishakula, anadaiwa nguo. Si kwa maneno, si kwa barua. Kitambaa kipya kinakuja, mwanamke anajifunga, watu wanaona, yamekwisha. Ile ya kutoonja Bi Avelina aliivunja akiwa na miaka tisa, nyuma ya jiko, na hakuota ndevu kama alivyotishwa. Lakini ile ya nguo aliiheshimu sana. Marehemu mumewe naye hakuwa msemaji.

"Jumapili ijayo njoo na nguo ya kufanyia kazi," akamwambia Gladness kwa simu. "Wanakuja senene. Macho yangu siku hizi hayaoni miguu midogo."

Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametunga uzi kwenye sindano bila miwani.

*

Kasha la barafu lilifika na basi, senene wamelala ndani wamepigwa na baridi. Gladness akafunika nywele, akakaa kwenye kigoda, akamshika wa kwanza kwa vidole viwili kama anashika sindano.

"Mama, hawa wanaliwa na watu wazima?"

"Wanaliwa na maprofesa."

Alinyonyoa mbawa, akanyonyoa miguu, mmoja baada ya mwingine, saa tatu nzima. Katikati ya kazi, dhamiri ikamchoma Bi Avelina kidogo, akanyoosha mkono kusaidia. Gladness akausukuma mkono ule taratibu.

"Kaa, mama. Nitamaliza mwenyewe."

"Hata hawa wachache?"

"Hata mmoja."

Hapo akaingia Bi Nurbanu kutoka duka la vitambaa la upande wa pili wa barabara, na rida yake, baibui la vipande viwili la rangi ya samawati, amekuja kuomba kamba. Yeye na Bi Avelina wamekuwa majirani miaka thelathini na moja, wamezikiana waume, na hakuna anachokijua mmoja asichokijua mwingine, pamoja na sheria ya senene. Akamtazama Gladness. Akalitazama karai la senene. Akamvuta mwenzake kwenye mlango wa jiko.

"Avelina, huyu mtoto anajua anachofanya?"

"Anasafisha senene."

"We mama, utaingia motoni."

"Nitakwenda na kigoda changu. Nikuwekee na wewe nafasi?"

Senene wakapanda jikoni na chumvi. Walipoanza kunukia, Gladness akafungua mkoba wake, akatoa limau na pilipili manga. Bi Avelina akafungua mdomo kupiga kelele. Tangu dunia iumbwe senene ni chumvi, basi. Limau ni la samaki! Lakini akakumbuka hao si wake, akaufunga mdomo, akameza mate pamoja na kelele.

Waliingia wote kwenye kopo la biskuti alilotoa Bi Nurbanu, lenye picha ya twiga anayecheka.

*

Vifurushi vilikuwa vinapelekwa na wanajeshi wapya waliokuwa wanaondoka Alhamisi kwenda kuongeza nguvu kule kwa wenzao. Akina mama wa Mtoni wenye watoto na waume Lebanoni walikuwa na kikundi chao, na mwenyekiti alikuwa Bi Rosalia, mke wa mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye hata akikuita chai anakupangia foleni. Jumanne wakakutana uani kwake. Mizani ilikuwa ya buchani, imeazimwa, na ingawa iliogeshwa kwa sabuni mara mbili, kila mzigo uliopanda ulishuka unanukia utumbo kidogo.

"Kilo tatu!" Bi Rosalia akawa anatangaza. "Kila mwanajeshi kilo tatu. Wewe mama nanihii, sembe kilo tano ya nini?"

"Kwani huko wanakula nini?"

"Wanakula! Toa. Na hii feni?"

"Si Uarabuni huko? Jua kali."

"Mwanangu anavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine," akasema Bi Avelina kutoka kwenye benchi. "Huko milimani barafu inaanguka yenyewe kutoka mbinguni. Mpelekee soksi."

Mwenye feni akamtazama kama mtu anayeambiwa samaki wanapanda minazi, lakini feni akaitoa. Palikuwa na ubuyu, dawa za kuchua, achari ya embe, picha ya mtoto aliyeota jino, na mama mmoja alikuwa na nguo za ndani tisa, zote nyekundu, "ili zisichanganyike na za wenzie."

"Kila kifurushi karatasi yake," Bi Rosalia akasema. "Mtumaji, namba ya simu, kilichomo; jina la mpokeaji naliandika mimi ubavuni. Bila hivyo hakipandi ndege. Nisirudie."

Akarudia mara tatu.

Bi Avelina alikuwa amekaa na kopo mapajani, na karatasi, na kalamu. Darasa la saba alimaliza kwa mwandiko mzuri, na siku hiyo aliutumia wote. *Mtumaji: Gladness.* Hapo kwenye simu akasita. Akiandika namba ya Gladness, mtu anaweza kumpigia na hila nzima ikamwagika. Akiandika yake mwenyewe, Gozbert ataijua na atasema ni mama tu na vituko vyake. Akaandika namba ya dukani kwa Bi Nurbanu. *Kilichomo: senene.*

Akaibandika ile karatasi kwenye kitako cha kopo, maana kwenye mfuniko palikuwa na twiga na hakutaka kumziba uso.

Kosa lenyewe ndilo hilo, limekaa hapo chini ya kopo, likasafiri.

*

Siku ya kumi na mbili Bi Avelina alikuwa dukani, anagusagusa vitambaa asivyokusudia kununua, simu ya Bi Nurbanu ikalia, namba yenyewe ndefu kama ya tapeli. Bi Nurbanu akaiweka sauti ya wote.

"Samahani," akasema mwanamume, "hapo ni nyumbani kwa Gladness?"

"Hapa ni duka la vitambaa. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Naitwa Koplo Gervas, napiga kutoka Lebanoni. Mama, tumefanya kosa."

Bi Avelina akashika kaunta. Hakuna mama wa mwanajeshi anayependa sentensi inayoanza hivyo. "Gozbert ana nini?" akapaza sauti. "Sema!"

"Sajini hana kitu, mama, mzima kabisa! Yuko zamu nje ya kambi siku nne. Kosa ni la kopo."

Akaeleza. Pale kambini kwao kuna mazoea: kifurushi cha nguo kinamsubiri mwenyewe, kifurushi cha chakula hakimsubiri mtu. Kimefika, kimefunguliwa, wenzake wamekula, mwenyewe anabakiziwa. Yeye mwenyewe Gozbert mwezi uliopita alikula kashata za mtu aliyekuwa zamu. Basi kopo likafunguliwa. Walikula watu wanane. Walipofika chini kabisa, Gervas akalinyanyua kopo kunguta makombo mdomoni, akaona karatasi.

"Mimi mtu wa Muleba, mama," akasema, na sauti yake ikashuka. "Niliposoma jina la mwanamke, senene wakasimama hapa kooni. Wa mama mzazi hawana deni, kila mtu anajua. Lakini hawa wana mwenyewe! Nikawaambia wenzangu, jamani, tumekula, tunadaiwa nguo. Wote wanane. Kuna mmoja wa Tanga kabisha, nimemwambia utatoka upele. Asubuhi katoka."

"Upele wa nini?" Bi Nurbanu akauliza.

"Wa sabuni mpya, nadhani. Lakini imesaidia."

"Mmembakizia mwenyewe?" Bi Avelina akauliza.

"Nusu kiganja, mama. Tena wamevunjikavunjika."

Bi Avelina akafumba macho.

"Sasa mama, nauliza ili nisivunje heshima. Huyu Gladness ni mke wa sajini?"

Hapo palikuwa na njia rahisi, na Bi Avelina katika maisha yake hakuwa mtu wa kuzikimbia njia rahisi. Lakini kumtajia msichana ndoa ambayo hajaombwa, hata yeye aliona ni mbali. "Si mke wa mtu," akasema. "Bado."

"Bado," akarudia Koplo Gervas, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti. "Basi mama, kwa kuwa hapo ni duka la vitambaa. Anapenda rangi gani?"

Kabla adhana ya alasiri haijaisha, Bi Nurbanu alikuwa ameuza vitenge vinane kwa simu, kila kimoja ameandikia jina la mnunuzi kwa chaki ya fundi.

"Nurbanu," Bi Avelina akasema, "wewe ni rafiki au ni adui?"

"Mimi ni mwenye duka, dada. Wamechagua vizuri, mashaallah. Huyu wa Tanga kachukua ile yenye tausi."

"Mwanangu mmoja hasemi, na wewe unamwongezea wasemaji wanane!"

"Mimi ndiye niliyeandika namba yangu kwenye kopo?"

Bi Avelina aliondoka bila kuaga, akarudi baada ya dakika kumi kuomba kamba.

Jumapili ya pili yake Gozbert akapiga.

"Mama. Wale senene nani aliwatengeneza?"

"Kwa nini unauliza?"

"Wana limau."

"Wabaya?"

"Sijasema wabaya."

Bi Avelina akaushika ulimi wake kwa meno. Akasubiri. Upande wa pili upepo wa Lebanoni ukawa unavuma kwenye simu, kwa vocha ya serikali au ya nani, Mungu anajua.

"Haya, mama," akasema Gozbert. "Zamu yangu imefika."

Akakata. Na wiki tatu nzima hakuleta neno wala kitambaa.

*

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Gladness alikuja mapema, amesuka upya. Wilbert angekuja kumchukua saa kumi kwa jibu lake. Alilisema hilo akiwa mlangoni bado, haraka, kama mtu anayetua mzigo. Kisha akaketi mkekani, akaupokea mguu.

"Unauma, mama?"

"Leo sana."

Hawajasema la tatu, Bi Nurbanu akaingia na furushi kichwani, mwanamke wa miaka sabini, akalitua katikati ya chumba. "Mimi mali za watu siwezi kukaa nazo mwezi mzima," akasema. "Avelina, sema au nitasema mimi."

Bi Avelina akatazama furushi, akatazama saa ya ukutani, saa nane unusu, akaona amefika mwisho wa ujanja wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Akaeleza yote. Macho yake mazima, sindano aliyoitunga, sheria ya senene, jina aliloandika kitakoni, Gervas, na watu wanane. Gladness akafungua furushi, akawa anavitandaza vitenge mkekani kimoja kimoja. Alipofika kwenye tausi akasimama kidogo.

"Wanane," akasema.

"Wanane."

"Na mwenye kopo?"

Bi Avelina alikuwa na maneno ya kila kitu duniani, ya kuuza kuku mgonjwa na ya kumfukuza mkopeshaji, lakini hapo akatikisa kichwa tu.

Gladness akaanza kuvikunja. Alivikunja vizuri, kona kwa kona, kama shuka za wodini, na hilo ndilo lililomwumiza Bi Avelina kuliko kama angelia.

"Hodi hapa!"

Mlangoni alisimama kijana mpana, shati jeupe, mwanya katikati ya meno, mfuko begani. "Shikamooni, mama zangu. Naitwa Gervas. Nimekuja likizo, nimeshuka juzi."

Bi Avelina akasimama, akaujaza mlango. "Kitenge chako kimefika, baba. Tumekiona. Asante sana, kwaheri."

"Mama, mimi nime..."

"Nyumba ina mgonjwa. Mguu wangu."

"Nimetumwa, mama," akasema Gervas, akatoa mfukoni kopo la biskuti. Twiga alikuwa amebonyea pua, lakini bado anacheka. "Sajini amesema limfikie Gladness mkononi. Na amesema nisilifungue njiani kama nilivyolifungua kule. Ameniapisha, mama. Kwenye Biblia ya padre wa kambi."

Bi Nurbanu akapiga kofi moja. "Chombo cha jirani hakirudi kitupu! Toka mlangoni, Avelina, mpishe mtu."

Gladness akalipokea kopo. Hakulifungua. Alilipindua kwanza, kama aliyejua pa kutazama, na kweli, pale kitakoni, juu ya ile karatasi ya kwanza, palikuwa na nyingine. Mwandiko wa Gozbert ulikuwa mnyoofu kama gwaride. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya chini, na chumba kizima kikageuka.

*Mtumaji: Gozbert. Simu: anayo, hajawahi kupiga, mimi pia. Kilichomo: vitambaa viwili. Cha bluu ni cha Gladness. Nilikuta senene saba na nimekula wote saba, kwa hiyo nadaiwa. Cha zambarau ni cha Mama, amestaafu.*

Gervas akajikohoza. "Kazunguka masoko ya huko siku zake zote za mapumziko," akasema. "Mara tatu anakwenda. Mimi nilimwambia nunua kwa simu, kuna mama ana duka. Akasema hapana, hiki nitakishika kwa mkono wangu."

"Amestaafu!" Bi Avelina akasema. "Mimi?" Akataka kukasirika, akashangaa kuona macho yake yamelowa. Miaka thelathini na minne ya kunyonyoa miguu ya panzi, na leo amepewa barua ya kustaafu na kitambaa juu. Wengine walistaafu serikalini wakapewa saa tu.

"Gladness, mwanangu," akasema, "nilikudanganya. Ulikuwa hujui unachotengeneza, kwa hiyo jambo hili halikufungi. Ukitaka, kitambaa kinarudi, na Wilbert anakuja na gari lake, na mimi sitanuna. Nitanuna kidogo."

Gladness alikuwa amekitoa kile cha bluu, anakipima kwa macho.

"Mama, wodini kwetu kuna nesi wa Bukoba," akasema. "Uliponiambia kuna senene wa kusafisha, nilimuuliza yeye kwanza. Akanieleza yote. Akaniambia, lakini usikubali kusaidiwa hata mmoja, maana akiguswa na mama mtu, hesabu inakuwa ya mama."

Bi Nurbanu akaanza kucheka kwanza, taratibu, akishika mbavu, mpaka akaketi juu ya furushi la vitenge.

"Na limau?" Bi Avelina akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nilitaka ajue si wewe."

Akajifunga kile kitambaa kiunoni juu ya gauni lake, akakaza fundo, akachukua simu. "Nampigia Wilbert asisumbuke kuja. Halafu nampigia huyu mwingine," akasema, "maana nikimsubiri yeye, nitazeeka." Akatoka uani. Kupitia dirishani walimsikia akiongea kwa heshima dakika mbili. Kisha akapiga tena, na safari hii alikuwa kimya muda mrefu, akisikiliza, na kicheko kikamtoka. Mungu anajua Gozbert alisema nini. Lakini alisema, na alisema mpaka salio likaisha.

"Na hivi vinane?" Bi Nurbanu akauliza. "Mimi bidhaa iliyouzwa hairudi."

"Wodini tuko manesi wengi hatujaolewa," Gladness akajibu kutoka dirishani. "Nitawagawia."

Gervas akanyanyua kichwa. "Kile changu cha kijani, dada," akasema, "atavaa yupi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu Bi Avelina alikuwa amekwishajifunga zambarau yake, amefungua redio, na yuko katikati ya chumba anazungusha kiuno kwa miguu yote miwili.

"Mama!" Gladness akapiga kelele. "Mguu!"

"Mguu gani?" akauliza Bi Avelina.